Krimu ya Kufifisha Madoa Meusi: Namna ya Kuichagua, Kuipaka na Kuiacha Bila Kuiumiza Ngozi

Chunusi hukaa wiki moja. Doa lake laweza kukaa mwaka mzima. Ndiyo maana wengi wanaotafuta krimu ya madoa hawana ugonjwa wowote wa ngozi kwa wakati huo. Kidonda kimepona, upele umekauka, ila kumebaki alama nyeusi ambayo kila kioo kinaikumbusha. Mtu akiwa katika hali hiyo huwa na haraka, na haraka ndiyo inayomwingiza kwenye matatizo makubwa kuliko doa lenyewe. Mimi nimepita njia hiyo. Nilipaka usoni krimu isiyokuwa na orodha ya viambato, nikavumilia ilivyokuwa ikiniwasha kwa kuamini kwamba kuwasha ni dalili ya kufanya kazi, na mwezi wa pili paji la uso lilikuwa jeusi kuliko nilivyoanza. Ilinichukua zaidi ya mwaka kurudi nilipokuwa.

Doa limetoka wapi

Rangi ya ngozi ni melanini. Inatengenezwa na seli maalumu zilizojipanga chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, kisha hugawiwa kwa seli jirani. Watu weusi na weupe wana seli hizi kwa idadi inayokaribiana. Tofauti ni kwamba kwa mtu mweusi zina bidii zaidi na chembe za rangi zinazotoka humo ni kubwa zaidi. Bidii hiyo ni kinga dhidi ya jua. Lakini seli hizohizo zikishtuliwa na chunusi, kuungua, mkwaruzo, kuumwa na mdudu, wembe au krimu kali, humwaga rangi kupita kiasi.

Ukilielewa hilo, mengine yote hapa chini yanakuwa mepesi: ukali wowote utakaoifanyia ngozi nyeusi, itakujibu kwa rangi. Krimu nzuri ya madoa ni ile inayozituliza seli za rangi. Inayochoma inaziamsha.

Hatua ya kwanza: tambua doa lako

Madoa yanayofaa kutibiwa kwa krimu ni ya aina tatu hasa. La kwanza ni doa linalobaki baada ya jeraha au uvimbe, ambalo hukaa palepale palipokuwa na chunusi au kidonda na lina umbo lake. La pili ni melasma: mabaka ya kahawia yanayotokea pande zote mbili za uso, mashavuni, kwenye paji na juu ya mdomo. Hili huhusiana na homoni na mwanga wa jua, huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza wakati wa ujauzito au kwa wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi. La tatu ni madoa ya jua, madogo yenye mipaka dhahiri, yanayozidi kadiri umri unavyosonga.

Kisha angalia rangi. Doa la kahawia lina melanini yake katika tabaka la juu, na krimu inalifikia. Doa la kijivu, au lenye kivuli cha bluu kama majivu, melanini yake imedondokea tabaka la chini. Hilo krimu inalifikia kwa shida, na linaweza kuchukua miaka kufifia. Ni afadhali ulijue leo kuliko kumaliza chupa tano ukidhani hazina nguvu.

Kuna weusi ambao haupaswi kupakwa krimu ya madoa kabla daktari hajauona. Alama inayokua, inayobadilika umbo, yenye rangi mbili tatu ndani yake, au inayotoa damu. Doa jipya kwenye unyayo au kiganja, na mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha. Kwa watu weusi, saratani ya seli za rangi (melanoma) mara nyingi hujitokeza sehemu hizo za miguuni, mikononi na kwenye kucha, na huchelewa kugunduliwa kwa sababu hakuna anayeitilia maanani. Shingo au kwapa zilizokuwa nyeusi na nene, laini kama mahameli, mara nyingi huashiria kwamba mwili unashindwa kuitumia insulini vizuri. Anayesugua shingo hiyo kwa dodoki na krimu anahangaika na kivuli, wakati kipimo cha sukari ndicho kinachohitajika. Mabaka yenye magamba membamba kifuani na mgongoni huenda ni fangasi, nayo yana dawa yake.

Hatua ya pili: zima chanzo

Hii huwa inarukwa. Ikiwa chunusi bado zinatoka, kila unalofifisha litafuatwa na jipya, kwa hiyo tibu chunusi kwanza au tibu vyote kwa pamoja. Ikiwa ni vipele vya kunyoa ndevu, badili namna ya kunyoa: usinyoe kinyume na uelekeo wa nywele, usivute ngozi, acha kishina kifupi badala ya kuparua mpaka chini. Acha kuminya na kubandua. Weka kando dodoki gumu, jiwe na skrabu ya chembechembe. Limau na ndimu usizipake kabisa: zina kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi kuliko ya mwanzo. Dawa ya meno na magadi navyo havina kazi usoni.

Hatua ya tatu: soma viambato

Jina la mbele ya kopo ni tangazo. Ukweli uko nyuma, kwa maandishi madogo. Kama nyuma hakuna orodha ya viambato, safari ya krimu hiyo iishie hapo, hata kama imemfaa rafiki yako. Mkorogo uliochanganywa na mtu na kutiwa kwenye kopo lisilo na maandishi uingie kwenye hukumu hiyohiyo.

Kiambato ambacho ningemwanzishia ndugu yangu mwenyewe ni asidi ya azelaiki, ya asilimia 10 hadi 20. Inapunguza chunusi na inazituliza seli za rangi zilizochangamka kupita kiasi, huku ikiigusa kidogo sana ngozi yenye rangi ya kawaida. Ni miongoni mwa viambato vichache ambavyo madaktari huviruhusu kwa mjamzito. Huwasha kidogo wiki za mwanzo, kisha hutulia.

Niasinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, hutumika kwa asilimia 4 au 5. Haizuii rangi kutengenezwa. Inazuia chembe za rangi zisipokezwe kwa seli jirani. Ni pole na inakubaliana na karibu kila kitu, kwa hiyo inafaa kwa ngozi inayochokozeka upesi. Vitamini C ya asilimia 10 hadi 20 hupakwa asubuhi chini ya krimu ya jua. Udhaifu wake ni kuharibika haraka kwa hewa na mwanga: ikishakuwa ya rangi ya kahawia au machungwa iliyokolea, itupe.

Asidi ya kojiki hupatikana kutoka kwa kuvu, na hubana kimeng'enya cha tirosinasi kinachotengeneza melanini. Inafanya kazi, ila baadhi ya watu huwaletea mzio. Arbutini hukibana kimeng'enya hichohicho kwa upole zaidi. Asidi ya traneksamiki ilianza kama dawa ya kuzuia kutoka damu, na leo inatumika pia kwa melasma. Retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A kama tretinoini, adapalini na retinoli, huharakisha seli za juu kupukutika na mpya kupanda. Zina nguvu, lakini zinachokoza, hupakwa usiku tu, na mjamzito hatakiwi kuzitumia.

Halafu kuna haidrokwinoni, inayoandikwa hydroquinone kwenye kopo. Inastahili maelezo marefu kwa sababu ndiyo yenye nguvu zaidi na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi za wanyama huko Marekani waligundua kwamba mikono yao inapoteza rangi. Sababu ilikuwa glavu zao za mpira, zilizotiwa kemikali iitwayo monobenzoni, ndugu wa haidrokwinoni. Monobenzoni huua kabisa seli za rangi, na rangi hairudi. Haidrokwinoni yenyewe haifiki huko: inaibana kazi ya kutengeneza rangi, nawe ukiacha kupaka, kazi inaendelea. Ikitumiwa kwa asilimia 2 hadi 4, juu ya doa tu, kwa miezi mitatu minne chini ya uangalizi wa daktari, ni dawa halali na yenye manufaa.

Shida ni pale mtu anapoipaka uso mzima kwa miaka. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliandika kuhusu wagonjwa ambao nyuso zao zilikuwa zimegeuka bluu-nyeusi, zenye ukavu na vipunje vidogo, baada ya matumizi marefu ya krimu kali za haidrokwinoni. Hali hiyo huitwa okronosisi, na kuiondoa ni kazi ngumu mno. Mtego wake ni huu: weusi ukianza kurudi, mtu hudhani krimu imekwisha nguvu, anaongeza dozi, na dozi ndiyo inayomzidishia. Umoja wa Ulaya uliiondoa haidrokwinoni kwenye vipodozi vya ngozi, na Marekani tangu 2020 huipati bila cheti cha daktari. Jambo moja dogo zaidi: usiipake sambamba na dawa ya chunusi ya benzoili peroksidi, kwa sababu zikikutana huacha madoa ya kahawia ya muda juu ya ngozi.

Viwili vilivyobaki havina nafasi katika krimu ya kujinunulia. Cha kwanza ni steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe zinazoandikwa clobetasol au betamethasone. Hung'arisha uso upesi ajabu, na ndiyo maana hupendwa. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, michirizi na chunusi hutokea, na ukiacha ghafla uso huwaka moto na kuvimba mpaka urudie. Daktari anaweza kukuandikia mchanganyiko wenye steroidi nyepesi kwa wiki chache anazozihesabu yeye. Hilo ni jambo tofauti kabisa.

Cha pili ni zebaki. Hii haiishii kwenye ngozi: huingia mwilini, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na huwafikia hata watoto kupitia mikono, taulo na matandiko. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika 2017 unalenga kuiondoa kwenye vipodozi. Kwenye kopo tafuta maneno mercury, mercuric, mercurous, calomel, au herufi Hg. Na hata kama hayapo, ukikuta onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha, alumini au mpira, liweke kopo chini.

Hatua ya nne: ijaribu kabla ya uso

Paka kidogo ndani ya kigasha, karibu na kiwiko, sehemu moja yenye ukubwa wa sarafu, mara mbili kwa siku kwa muda wa siku saba. Siku moja haitoshi, kwa kuwa mzio mwingine huchukua siku kadhaa kujitokeza. Kwenye ngozi nyeusi usingoje kuona wekundu. Angalia joto, mwasho, uvimbe, ukavu au weusi mpya wa zambarau. Kukiwa na kimojawapo, hiyo si krimu yako.

Anza na kiambato kimoja. Mtu anayeanza na vitano siku moja, ngozi ikikasirika hatajua amlaumu nani.

Hatua ya tano: namna ya kupaka

Usiku, osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni pole isiyoacha ngozi ikivutana. Kausha kwa kugandamiza taulo, bila kusugua. Ngoja dakika kumi au kumi na tano uso ukauke kabisa, hasa kama unapaka retinoidi, kwa maana ngozi yenye unyevu huinyonya kwa kasi na kuwashwa zaidi.

Kiasi ni kidogo kuliko unavyofikiri. Krimu iliyokamuliwa kwenye pingili ya juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Retinoidi kwa uso mzima ni punje ya njegere. Kuongeza hakuharakishi.

Je, upake doa tu au eneo zima? Inategemea. Haidrokwinoni iguse doa peke yake, kwa kijiti cha pamba, la sivyo utapata duara jeupe kulizunguka doa jeusi. Azelaiki, niasinamidi na vitamini C unaweza kuzipaka eneo zima, na kwa melasma ndivyo inavyotakiwa. Kaa mbali na kope, pembe za pua na pembe za mdomo. Hapo ngozi ni nyembamba na krimu hujikusanya.

Baada ya krimu, paka mafuta au losheni ya kulainisha isiyo na manukato. Ngozi yako ikiwa nyepesi kuudhika, tanguliza losheni kisha krimu. Nguvu itapungua kidogo, na utaweza kuendelea, jambo ambalo lina maana zaidi.

Azelaiki na retinoidi zianze kwa kupakwa kila usiku wa pili au wa tatu kwa wiki mbili za mwanzo, ndipo uongeze taratibu. Usizipake mbili hizo usiku mmoja mpaka ngozi iwe imezizoea kila moja peke yake.

Hatua ya sita: jua

Hapa ndipo wengi hupoteza miezi yao yote. Krimu ya usiku inapunguza rangi, mwanga wa mchana unairudisha, na mtu anabaki palepale. Bila kinga ya jua, hatua zote tano zilizotangulia ni kuteka maji kwa pakacha.

Chagua kinga yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) ya 30 au zaidi, inayozuia miale ya jua ya UVA na UVB. Paka asubuhi, dakika kumi na tano kabla ya kutoka, kiasi cha mistari miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili na kila unapotoka jasho jingi. Kofia pana na kivuli havigharimu sana na vinasaidia mno.

Kwa mwenye melasma kuna la ziada. Mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, na si miale ya UV pekee, hukoleza rangi kwenye ngozi nyeusi, na kinga nyingi zisizo na rangi hazizuii mwanga huo. Tafuta kinga yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi ya chuma. Inazuia mwanga huo, na haiachi weupe wa chokaa usoni. Kioo cha dirisha pia hupitisha UVA na mwanga wa kawaida, kwa hiyo anayekaa siku nzima kando ya dirisha anahitaji kinga kama aliye barabarani.

Utegemee nini, na lini

Tabaka la juu la ngozi ya kijana hujibadilisha kwa takriban siku 28, na umri ukisonga huchukua muda mrefu zaidi. Maana yake ni kwamba hakuna krimu salama inayofuta doa kwa siku saba. Ikiahidi hivyo, rudi usome viambato.

Wiki nne za mwanzo usitegemee kuona kitu. Kati ya wiki ya 8 na ya 12 doa linaanza kulegea kingo, likiwa la kahawia hafifu. Madoa ya zamani na yaliyokolea huchukua miezi sita hadi kumi na mbili. Macho yanayotazama kila siku hayaoni mabadiliko, kwa hiyo piga picha kila baada ya wiki nne, kwenye dirisha lilelile na saa ileile, bila vipodozi. Wiki ya 12 ikipita na picha hazina tofauti hata kidogo, usiongeze kiasi. Nenda kwa daktari wa ngozi. Huenda doa liko tabaka la chini, au si doa ulilodhani.

Mchomo mdogo unaopita ndani ya dakika chache ni wa kawaida. Mchomo unaodumu, uvimbe, ngozi kubanduka au kuwa na joto si vya kawaida. Ikitokea, acha kila kitu isipokuwa sabuni pole, losheni na kinga ya jua, kwa wiki moja au mbili. Ngozi ikitulia kabisa, rudi na usiku mmoja kati ya mitatu. Malengelenge au uso kuvimba ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, na ubebe kopo.

Doa likishafifia

Lengo ni doa lifanane na ngozi inayolizunguka, na hapo ndipo pa kusimama. Watu wengi huvuka mstari hapa: doa limekwisha, wakaupenda ule mng'ao, wakaendelea kupaka uso mzima, na kutoka hapo ni kujichubua. Ngozi yako ya asili ndiyo kipimo. Ilinganishe na sehemu isiyopata jua, kama ndani ya mkono.

Haidrokwinoni ikome kwa tarehe aliyoitaja daktari, hata kama doa limebaki kidogo. Mapumziko ni sehemu ya tiba. Azelaiki au niasinamidi unaweza kuipunguza hadi mara mbili tatu kwa wiki. Mwenye melasma ajue kwamba hurudi, hasa baada ya jua kali, ujauzito au mabadiliko ya homoni, kwa hiyo kinga ya jua kwake haina tarehe ya mwisho.

Na siku chunusi mpya ikichomoza, usiiguse kwa kucha. Ipake azelaiki usiku huohuo, asubuhi ifunike kwa kinga ya jua, na uiache ikauke yenyewe.